Mipira Aliyoipoteza Sephora

Katika misimu yote aliyokaa pembeni ya uwanja wa mpira wa magongo pale Woluwe-Saint-Lambert, Ubelgiji, Constant hakuwahi kushangilia goli hata moja. Goli likiingia, wazazi wengine waliruka, wakakumbatiana, wakamwagiana kahawa. Yeye aliinamisha kichwa na kubonyeza tableti yake: kwanza goli, halafu nani amefunga, halafu pasi ya nani. Alipomaliza na kuinua uso, mchezo ulikuwa umeshaanza tena na watu wameshakaa. Magoli aliyajua yote. Aliyoyaona yalikuwa machache sana.

Hakuwa mtu baridi, asisingiziwe. Alikuwa mtu wa takwimu, na hiyo ni tabia nyingine. Alifanya kazi katika kampuni moja ya bima karibu na Porte de Namur, ghorofa ya juu isiyo na mandhari yoyote, akikadiria ni madereva wangapi wa umri gani watagonga nini mwaka unaofuata. Mwaka ukifika, madereva waligonga karibu kama alivyosema, bila hata kujua kwamba walikuwa wanamtii. Hakuwahi kukutana na mmoja wao wala hakuona sababu ya kukutana naye.

Tabia hiyo aliitoa kwao Likasi, Katanga, ambako baba yake alikuwa préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari. Mzee yule alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba watu wa Likasi watasema mtoto wa préfet anapitia mlango wa nyuma. Kwa hiyo mitihani ya Constant ilisahihishwa na mwalimu, kisha ikapelekwa mezani kwa baba yake, naye akavaa miwani na kupunguza. Jibu likiwa na shaka kidogo, alipunguza. Jibu likiwa halina shaka, aliitafuta hiyo shaka. Mwaka wa tatu alipunguza mpaka Constant akarudia darasa, akakaa benchi moja na rafiki za mdogo wake. Mtoto aliambiwa kwamba hiyo ndiyo haki, akaamini, na mpaka leo, ana mvi na kitambi cha kiasi, bado anaamini.

Mpira wa magongo uliingia nyumbani kwao kupitia binti yake Sephora. Shule ya msingi walikuja watu wa klabu na magongo ya plastiki, watoto wakacheza asubuhi moja, na Sephora akarudi nyumbani akisema amepata kazi yake ya maisha. Mkewe Constant, Antoinette, ni muuguzi katika hospitali ya hukohuko Woluwe, na alikuwa ameshaona midomo mingi ikishonwa. Alikataa wiki nzima. Wiki ya pili alienda kununua vilinda ugoko na kile cha kuvaa kwenye meno, akachagua vya bei kubwa. Sasa Sephora ana miaka kumi na saba, anacheza winga wa kulia, na meno yake yote yapo.

Jamaa walichukua muda kuelewa. Kinyozi wake Constant, Élisée, mtu wa Bukavu mwenye saluni huko Matonge, mtaa wa Waafrika jijini humo, alisimamisha mashine hewani siku aliyoambiwa.

"Hockey? Ile ya fimbo? Tonton, bantu beusi banacheza ile?"

"Mutoto yangu anacheza. Ailier droit."

"Iko na ma-ailier kule?"

"Iko nabo."

"Bon," akasema Élisée, akaendelea kunyoa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

Klabu yao ina desturi moja: mzazi hatazami bure. Kuna anayeuza vinywaji, kuna anayeoka keki, kuna anayebeba watoto wa wenzake kwenye gari na kurudi na matope ya wenzake. Constant alipoulizwa anaweza nini, alisema anaweza kuhesabu. Basi akapewa kiti cha plastiki na meza ndogo kando ya benchi la timu, na kila Jumapili akahesabu: nani kagusa mpira, nani kautoa, nani kaupoteza. Kocha Florent, Mbelgiji mrefu mwenye sauti ya upole na koti lisilokauka, alimpenda sana. Klabu nyingine zililipa mtu kwa kazi ile.

Sasa, mpira wa magongo una mipira mingi ya mashaka. Magongo mawili yanagusa kwa wakati mmoja, mpira unatoka nje, mwamuzi ananyoosha mkono, lakini ni nani hasa aliyeupoteza? Aliyepiga pasi mbovu au aliyechelewa kuipokea? Kwa wachezaji wote Constant alikuwa na utaratibu: palipo na shaka, aliacha. Isipokuwa kwa mmoja. Mpira wa mashaka ukiwa wa Sephora, alimwandikia Sephora kuwa kaupoteza. Hakuna aliyemwagiza. Ila hakutaka mzazi hata mmoja, pale kwenye foleni ya kahawa, aje kusema kwamba yule baba Mkongomani anambebea binti yake. Na alijivunia jambo hilo, tena sana.

Mwezi wa nne, winga wa kulia wa kikosi cha kwanza alitangaza kwamba anaondoka kwenda kusoma ng'ambo. Nafasi ikawa wazi, na kwenye kikosi cha pili mawinga wa kulia walikuwa wawili, wakibadilishana kuingia na kutoka: Laetitia na Sephora. Florent alisema atamchagua mmoja baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Mechi zilikuwa zimebaki mbili. Sephora aliacha kula vizuri. Alilala na gongo kando ya kitanda. Kama kuna kitu alichokitaka zaidi ya nafasi ile tangu azaliwe, hakukiambia mtu.

Florent akamwomba Constant alinganishe mawinga wake wawili kwa takwimu za msimu mzima.

"Nikifanya mimi watasema nina upendeleo," akasema Constant kwa Kifaransa.

"Wewe?" akasema Florent, akacheka kwa kweli. Constant alikumbuka kicheko kile siku kadhaa, kwa furaha.

Akakaa chini akalinganisha. Laetitia ni mchezaji msafi. Mpira ukifika kwenye gongo lake hutulia kama umefika nyumbani. Akiona njia imefungwa, anaurudisha nyuma kwa mwenzake na hapotezi kitu. Sephora ana mbio zaidi. Anapenda kuingia na mpira mpaka ndani ya lile duara mbele ya goli, ambako ndiko pekee mtu anaruhusiwa kufunga, na njiani humo hupoteza. Kwa hesabu za Constant alipoteza karibu mara mbili ya mwenzake. Akachora michoro. Laetitia akapata rangi ya kijani na Sephora nyekundu. Hakumaanisha ubaya. Nyekundu ndiyo iliyofuata kwenye kompyuta. Akamtumia Florent, kisha akakaa mezani kula, akamwambia mkewe.

"Umetuma?" akauliza Antoinette.

"Nimetuma."

"Na mutoto yako iko wa pili?"

"Ma-chiffres njo inasema vile, mi nifanye nini?"

"Ma-chiffres njo ilimuzala?"

Constant akainamia sahani yake, maana hilo lilikuwa na jibu moja tu na jibu lenyewe lilikuwa linamtazama.

"Mi naangalia kila match," akasema Antoinette. "Ule Laetitia hajue hata kushika stick."

Hii haikuwa kweli. Laetitia alishika gongo vizuri kuliko wasichana wote wa umri wake pale klabuni. Antoinette alikuwa na macho mazuri mno, macho ya mtu anayejua mgonjwa atapata homa kabla mgonjwa hajajua, ila uwanjani, aliposimama ng'ambo ya benchi la timu kukwepa upepo, kama Constant alivyodhani, yalimtazama mtu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimwuliza mechi imekwishaje, mara nyingi ilibidi aulize.

Baada ya siku ile vita havikupigwa. Ugali ulipikwa, shati lilipigwa pasi. Lakini Antoinette, ambaye kwa miaka yote alimwita mumewe Papa Sephora, alianza kumwita Monsieur, kama bwana mgeni. "Monsieur, bukari iko tayari." "Monsieur, simu yako." Hapo Constant alijua mambo yameharibika kweli.

Akaamua kumthibitishia. Akazifungua takwimu upya na kuzigawa kwa vipindi, akitumaini kuonyesha kwamba Sephora anapoteza mipira wakati wote, saa zote, kwa uthabiti. Badala yake akaona kitu cha ajabu. Winga wa kulia hukimbia kwenye mstari wa kulia. Kwa kuwa timu hubadilishana magoli wakati wa mapumziko, kipindi kimoja anapita upande wa benchi na kipindi kingine anapita upande wa ng'ambo. Laetitia alipoteza sawasawa pande zote mbili. Sephora, akiwa ng'ambo, alikuwa na takwimu nzuri hata kumshinda Laetitia. Mipira karibu yote aliipoteza upande wa benchi.

Mtu wa bima akiona ajali nyingi mahali pamoja, anafikiria barabara. Jumatano mchana Constant aliomba ruhusa kazini, akaenda uwanjani na viatu vyake vya ofisini, akapiga magoti kwenye nyasi bandia upande wa benchi na kuanza kuzipapasa. Uwanja ule humwagiliwa maji kabla ya mchezo hata mvua ikiwa inanyesha, na siku ile ilikuwa inanyesha. Akapapasa hatua kwa hatua, akitafuta bonde, mshono uliofumuka, jiwe. Akageuka kutazama jua linatokea wapi, kama lingetokea. Antoinette alikuwa amemleta Sephora mazoezini. Akamkuta baba wa familia amelowa magoti.

"Unatafuta nini?"

"Shimo. Sephora anapoteza mipira hapa. Ngambo hapotezi. Iko na kintu hapa chini."

Pengine Antoinette alikuwa amepanga kuendelea na Monsieur mpaka Krismasi, lakini magoti yale yalimshinda.

"Papa Sephora," akasema, "simama. Tatizo haiko majani. Njo weye."

"Mi?"

"Kila fois anapata mupira huku, anageuka kwanza kukuangalia. Kama unaandika. Akimaliza kukuangalia, mupira iko yabo."

"Mi sijaona ile."

"Utaona namna gani? Uko unabonyeza."

"Alors, juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia, mwaka jana. Ukasema ile haina colonne kwa tableti."

Constant alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo, na kwa haki kabisa, kwa sababu safu ya shingo haikuwepo.

"Na weye unasimamaka kule ngambo juu ya upepo?"

"Upepo gani? Nasimamaka kule juu mutoto asikuwe na bantu babili ba kuangalia."

Constant hakusadiki, lakini hakukataa pia. Alichotaka ni kuona mwenyewe, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Jumapili iliyofuata, mechi ya kabla ya mwisho, alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, tableti mezani, na kila Sephora alipokaribia upande ule aliinua macho na kuyaacha juu.

Haikuchukua muda. Pasi ndefu ilitoka kwa beki, Sephora akaikimbilia, akaituliza vizuri kabisa. Mbele yake palikuwa wazi. Na hapo kidevu chake kikageuka. Kidogo tu, asiyejua asingeona. Macho yalikuja moja kwa moja kwenye meza ile, na hayakutafuta uso wa baba yake. Yalitafuta mikono. Beki wa upinzani akanyoosha gongo, akauchukua mpira bila haraka. Sephora akatazama tena ile mikono, kuona kama itabonyeza.

Constant aliujua uso ule. Hakuwahi kuuona kwa nje, lakini aliujua, kwa kuwa aliuvaa mwenyewe miaka mingi mbele ya meza moja huko Likasi, akisubiri miwani ivaliwe. Kifua kilimuuma kwelikweli, mpaka akafikiri ni ugonjwa na akatafuta kwa macho mkewe muuguzi alikosimama. Na wakati anautazama uso wa mwanawe na kuumia hivyo, kidole chake kilikwenda chenyewe na kubonyeza: umepotea. Ni mazoea tu.

Baada ya mechi watu wa klabu hukaa pamoja kantini, washindi na walioshindwa, wakinywa bia na kula viazi. Constant alimsubiri Florent mpaka akabaki peke yake karibu na dirisha.

"Zile takwimu zimeharibika," akasema. "Za Sephora."

Florent akashusha glasi yake taratibu. Uso wake ukavaa adabu fulani, na Constant aliitambua mara moja, kwa sababu alikuwa ameiona ikivaliwa mbele ya wazazi wengine. Baba mmoja alisema ni refa. Mama mmoja alisema ni gongo jipya. Mwingine alisema ni mpenzi. Kila mwisho wa msimu walipanga foleni mbele ya dirisha lile kueleza kwa nini mtoto wao ni bora kuliko anavyoonekana, na Constant aliwatazama kutoka mezani kwake, akawahurumia. Sasa alikuwa kwenye foleni.

"Mipira ya mashaka nilimwandikia yeye," akasema. "Yote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wangu."

Florent akaisogeza glasi kando.

"Na ile isiyo na mashaka," Constant akaendelea, kwani ukishavua shati huoni tena sababu ya kubaki na fulana, "anaipoteza kwa sababu ya mimi. Ananitazama. Kanitazame nikikaa pale, utaona."

"Constant," akasema Florent kwa upole, "namba zako nilizisoma, ni nzuri. Lakini hata nisingezisoma, mimi pia nina macho. Na macho yangu msimu mzima yaliona mipira ileile ikipotea."

"Uliona inapotea. Uliona kwa nini?"

Florent alifikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli akasema hapana.

"Jumapili ijayo mimi sihesabu. Sikai pale."

"Atahesabu nani?"

Hakuna mzazi aliyewahi kuitaka kazi ile. Constant akatazama chumba kizima, akaona mtu mmoja tu ambaye angekubali, naye alikuwa anamfunga Sephora barafu kwenye kidole.

"Mke wangu," akasema, na alijua wakati uleule kwamba sayansi imekwisha.

Mechi ya mwisho ilichezwa chini ya mawingu ya kawaida. Antoinette alikaa kwenye kiti cha plastiki amevaa kitenge chake kizuri na koti la mvua juu yake, akibonyeza tableti kwa kidole kimoja kama anayeita lifti. Constant alikwenda ng'ambo, mahali pa mkewe, nyuma ya uzio. Mikono yake haikuwa na kazi. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaikunja kifuani, akaona inaonekana kama hasira, akairudisha mfukoni.

Kipindi cha kwanza winga wa kulia alipita upande wa benchi. Laetitia aliingia, akacheza usafi wake, akatoka. Sephora akaingia. Mpira wa kwanza kuupata, kidevu kiligeuka kwenda kwenye ile meza. Akamkuta mama yake. Antoinette, ambaye hakuelewa kwamba mhesabu hapaswi kufanya hivyo, akampungia mkono. Sephora alishtuka, akaponea chupuchupu kuupoteza, akaurudisha nyuma kwa mwenzake. Mpira wa pili hakugeuka sana. Wa tatu hakugeuka. Kutoka ng'ambo, mbali, Constant aliona binti mmoja mrefu anayekimbia ameinua kichwa, akajiuliza kwa nusu dakika nzima ni nani.

Mapumziko yakafika, timu zikabadilishana magoli, na hapo ndipo Constant alipogundua alichofanya. Mtu aliyegawa msimu mzima kwa vipindi alikuwa amesahau kwamba vipindi ni viwili. Winga wa kulia sasa atapita upande huu, mbele ya uzio huu, karibu kiasi cha kusikia anavyohema. Angetaka kuondoka angepita nyuma ya goli mbele ya watu wote, na Sephora angemwona anakimbia. Akabaki. Akafikiri kuinama, akaona aibu.

Ukaja mpira. Sephora akautuliza mita chache kutoka alipo baba yake, akainua uso, akamwona. Macho yakashuka kwenye mikono. Mikono ilikuwa mitupu, imening'inia, haina tableti wala kitu chochote, na ikaonekana hata yenyewe haijui ifanye nini. Sephora akapunguza mwendo. Beki alikuwa anakuja.

"Enda!" akapiga kelele Constant.

Ilikuwa sauti ambayo haijatumika miaka mingi, ikatoka na kutu yake yote. Mwamuzi aligeuka. Mama mmoja alidondosha kijiko. Sephora akaruka kwa mshtuko, gongo likagonga mpira vibaya, ukabiringika na kuvuka mstari taratibu mpaka ukagusa uzio, miguuni pa Constant.

Aliupoteza. Haukuwa mpira wa mashaka. Hata préfet wa Likasi asingehitaji miwani.

Baba na binti wakatazamana. Kisha Sephora akaanza kucheka, na kile kitu cha meno mdomoni kikamfanya acheke kama mtoto mchanga. Akarudi mbio mahali pake akiwa bado anacheka.

Alipopata mpira tena hakumtazama mtu. Alimpita beki wa kwanza kwa nje, akaingia kwenye duara, akavuta kipa mpaka kwenye mstari wa mwisho, akaurudisha mpira katikati ambako mwenzake alikuwa peke yake kabisa. Goli. Constant aliliona lote tangu mwanzo, pasi, chenga, kipa akidanganyika, wavu ukitikisika. Aliona hata maji yakirushwa na mpira kwenye nyasi. Alipojitambua, mikono ilikuwa juu ya kichwa chake, imepata kazi.

Baada ya mechi Florent aliwaita wasichana wawili kando ya vyumba vya kubadilishia nguo. Hakuchelewesha. Akamchukua Laetitia. Alisema Sephora amecheza leo mchezo bora kuliko wote wa msimu, na kwamba mchezo mmoja haufuti msimu, na kwamba Septemba ataangalia upya. Sephora akampa mwenzake mkono, kisha akamkumbatia, kisha akaenda kuoga muda mrefu kuliko kawaida. Laetitia alistahili, na Constant alilijua hilo kwa hesabu na sasa kwa macho pia, na halikumsaidia kitu. Alijua ni nani aliyekaa kwenye kile kiti mwaka mzima.

Walirudi nyumbani kwa gari, Constant kwenye usukani, Antoinette kando yake na tableti mapajani, Sephora nyuma na mfuko wa magongo. Wakasimama kwenye taa za kwanza za barabarani.

"Papa," akasema Sephora. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imara. "Leo nimepoteza ngapi?"

"Sijue. Nilikuwa naangalia."

Gari la nyuma lilipiga honi, taa ilikuwa ya kijani. Wakaenda mpaka taa nyingine.

"Fois moja njo nacheza muzuri," akasema Sephora, "na papa hahesabu."

"Mi nilihesabu," akasema Antoinette, akafungua tableti. Kwa mujibu wa tableti hiyo Sephora alikuwa amegusa mpira mara nyingi kuliko timu zote mbili zikijumlishwa, na Laetitia hakuhudhuria. "Umepoteza zéro."

Constant akafungua mdomo. Kuna mpira mmoja ulipotea, mweupe, ukavuka mstari, ukaja mpaka kwenye viatu vyake. Alikuwa shahidi. Alikuwa pia sababu. Mzee wa Likasi alikuwa ameshavaa miwani na kushika kalamu. Antoinette alimgeukia mumewe, akasubiri.

"Zéro," akasema Constant.

Kwenye kioo aliona Sephora anamtazama. Hakutazama mikono, ingawa ilikuwa palepale kwenye usukani. Alimtazama machoni. Wote wawili walikuwepo mpira ule ulipovuka mstari.

"Haujue kudanganya, papa," akasema.

"Nitajifunza," akasema Constant, na kwa kuwa taa ilikuwa bado nyekundu, akageuka mzima kwenye kiti ili amwone vizuri.